Ma Ebangha na Kidole cha Bessem

Kijijini kwetu Ma Ebangha ndiye mwanamke pekee aliyeishi kwa kuchimbua panya buku. Mumewe alipofariki alimwachia jembe fupi na mabinti watatu, na kwa jembe hilo akawakuza wote. Alikuwa mkali wa maneno, na wengi tulimwogopa kidogo.

Mwaka ule Mto Manyu ulipofurika, Bessem, mke wa kaka yangu Tabot, alimfuata msituni ajifunze kazi. Mimi nilikwenda kuwakatia fito. Ma Ebangha alizunguka nyuma ya kichuguu chenye shimo la panya kuziba tundu la kutokea, akamwonya Bessem asitie mkono shimoni mpaka arudi. Bessem akautia.

Tulisikia yowe. Aliuchomoa mkono, kidole cha shahada kikichuruzika damu, na nyuma yake akatoka nyoka, taratibu: mweusi mwenye madoa ya rangi ya kutu, mnene kama mpini wa panga, mkia wake butu kama kichwa cha pili.

"Ndumilakuwili!" nikapiga kelele.

Kwetu inasemwa huyo akikuuma hufiki nyumbani.

Tabot, aliyekuwa akigema mchikichi karibu, alikuja mbio. Alimfunga mkewe mkono kwa kamba, akaulaza juu ya gogo, akachomoa panga.

"Oben, mshike!"

Nikamshika shemeji yangu.

"Weka panga chini, Tabot," alisema Ma Ebangha.

"Toka hapo, Ma! Zahanati iko ng'ambo na mto hauvukiki. Unataka nimzike?"

"Nataka nikione kidole kwanza. Mbona mbio? Kidole kina miguu?"

Alipiga magoti, akafuta damu kwa kanga yake. Palikuwa na vijitundu viwili vimebanana kama punje mbili za mchele.

"Haya ni meno ya panya. Mama panya yumo humo na watoto wake, na nyoka alikwenda kuwala hao watoto."

"Na ukikosea?"

Ma Ebangha akamgeukia nyoka. "Nikikosea, panga unalo."

Akamwokota nyoka. Papo hapo nyoka akajiviringa donge, kichwa kikazama katikati, akabaki anachezesha mkia nje. Ma Ebangha akaingiza kidole chake kati ya mikunjo mpaka mdomoni. Nyoka hakuuma.

"Mnachokiogopa ni mkia tu. Unaona makovu haya? Mama panya humng'ata hapa mkiani, huku kichwa kinabana vitoto ukutani mwa shimo."

"Labda sumu yote kammalizia mke wangu," Tabot akasema, na panga likapanda tena.

Nilimwachia Bessem. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikachukua jembe, nikachimba kama kichaa. Vidole vya Bessem vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi kwa ile kamba, naye alikuwa akimwita mama yake.

Udongo ukaporomoka. Vitoto vitatu vilikuwa vimelala vimekufa, vimebanwa bapa, na juu yao mama panya amejikunyata. Nilipomsogezea jembe aliuvamia mpini, akaung'ata, kisha akaturuka na kupotea majanini. Tabot akainama. Akaweka mpini kando ya kidole cha mkewe, akatazama alama za meno hapa, akatazama pale. Mwishowe akafungua kamba.

Wakati huo nyoka alikuwa ameshajipenyeza chini ya majani. Hakuna aliyemfuata.

Lakini haikuishia hapo. Kesho yake kidole kilivimba, homa ikampanda Bessem. Tabot aliketi uani akinoa panga, makusudi, ili Ma Ebangha, aliyekuwa ndani na mgonjwa, asikie. Naye hakuondoka. Siku mbili alimkanda mgonjwa kwa maji ya moto na chumvi, hata chakula hakugusa. Siku ya tatu usaha ukatumbuka, homa ikashuka.

Tabot hakuomba radhi. Alikwenda kuacha kibuyu cha tembo mlangoni kwa Ma Ebangha, akaondoka bila kupiga hodi.

Tulikinywa pamoja, mimi na Ma Ebangha.

"Ma, ulikuwa na hakika kweli?"

"Huyo nyoka namjua, nimemtoa mashimoni mara nyingi. Lakini shimo lilikuwa na giza, Oben. Kama kulikuwa na nyoka mwingine, wa sumu, nyuma yake, ningejuaje?"

Alipokiinua kibuyu, tembo likammwagikia kifuani. Nikamshikia kibuyu anywe.