Konokono wa Baba na Programu Niliyoichagua

Kazi yangu ni kufuta. Nina studio ndogo ya picha hapa Kalemie, si mbali na stesheni ya reli, na kinachonilisha si kupiga picha bali kile ninachokifanya baadaye kwenye kompyuta. Bibi harusi anataka chunusi ziondoke. Mjane anataka picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, na marehemu asiwe na makunyanzi wala lile kovu la shavuni ambalo mtaa mzima ulilijua. Kwetu picha inayoonyesha kasoro ni tusi, na mteja akiona vinyweleo vyake mwenyewe atasema umemharibia sura. Kwa hiyo nasafisha. Nimesafisha nyuso za watu kwa miaka mingi hadi mkono unakwenda wenyewe. Nalisema hili mapema ili mtu asinihurumie bure.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa maabara katika kituo cha utafiti wa ziwa. Aliosha chupa, alibeba ndoo, alizamia pale ambapo wataalamu hawakutaka kulowa. Diploma hakuwa nayo. Lakini konokono wa ziwa aliwajua kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. Katika safari moja ya kusini, upande wa Moba, alitoa chini ya jiwe konokono wadogo kuliko punje ya haragwe. Ukiwatazama harakaharaka, ni wale wale wa kila siku. Ukichukua kioo cha kukuzia na kulaza gamba kwenye mwanga wa ubavuni, ndani ya mdomo wake unaona mstari wa meno madogo sana. Wakubwa wake walimwambia ni mchanga ulioganda. Mfanyakazi wa ndoo habishani na wakubwa, lakini magamba saba aliyabeba nyumbani akayalaza kwenye pamba, ndani ya kopo la maziwa.

“Huyu haiko sawa na wale wengine,” alituambia, mwaka hadi mwaka. Alipostaafu macho yake yakaanza kuingia ukungu, na hapo akabaki na hamu moja tu: mtu mwenye elimu atamke kwamba yeye, mwosha chupa, aliona sawasawa.

Mwaka jana nilimtafutia mtu huyo kwenye mtandao. Nilimpata mtaalamu wa konokono huko Ulaya, nikamwandikia, naye akajibu kwa adabu. Alisema kwanza nimtumie picha ya gamba moja, kutoka ncha hadi mdomoni, kila sehemu iwe wazi. Akiyaona meno, atatafuta njia ya kumtuma mtu aje kuyachukua magamba. Asipoyaona, basi. Nilimsomea Baba barua ile, akacheka peke yake jioni nzima.

Kitu kidogo kama kile hakipigwi picha moja. Ukikisogelea karibu, kamera inaona wazi sehemu nyembamba kama ukucha, kwingine kote ni ukungu. Inabidi upige picha nyingi, kila mara ukisogeza kamera kidogo mno, kisha programu ya kompyuta ichukue sehemu iliyo wazi ya kila picha na kuziunganisha zote kuwa moja. Nilikuwa na kamera ya zamani. Fundi mmoja wa bandarini alinichongea pete ya kufunga lenzi kinyumenyume, ili ikuze zaidi. Nilipiga picha sitini za gamba moja, nikizuia pumzi kila lori lilipopita barabarani, kisha nikalirudisha kwenye kopo pamoja na mengine.

Ikabaki kuchagua programu. Ya kwanza ilikuwa ya bure, lakini ilitaka amri ziandikwe mstari kwa mstari, nami nikaiacha siku ya pili kwa hasira. Ya pili ilidai mtandao kila nilipoifungua, na mtandao wetu unakuja unapotaka. Ya tatu iliniruhusu kuijaribu mwezi mzima, nikaichukua nikidhani kazi ya kuchagua imekwisha. Kumbe ndani yake kulikuwa na njia mbili za kuunganisha.

Njia ya kwanza ilihifadhi kila kitu, hata unywele, lakini ilileta na chembechembe na vumbi. Ya pili ilitoa picha laini, rangi nzuri, gamba liking’aa kama sahani iliyooshwa. Niliziweka pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Maelezo ya programu yalisema waziwazi kwamba vitu vyenye manyoya au miiba vinataka njia ya kwanza. Niliyasoma. Nikajiambia hayo ni ya wapiga picha wa wadudu. Katika picha ya kwanza niliona vidoadoa mdomoni mwa konokono, naapa niliviona, na mkono wangu ukafanya kile unachokifanya kwa chunusi za bibi harusi. Nikachukua njia ya pili. Tena kulikuwa na kitufe cha kulainisha, nikakisukuma mbele zaidi. Ukabaki mstari mweupe mdomoni, nikaona hayo ndiyo meno, nikatosheka.

Baba alikuwa amekaa nyuma yangu, ingawa kioo cha kompyuta hakuweza kukiona. Aliniita Mama, kama akina baba wa hapa wanavyowaita mabinti wao.

“Mama, meno inaonekana?”

“Inaonekana, Papa. Picha iko muzuri sana.”

Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Mtaalamu aliisifu picha. Kisha akaandika kwamba mdomo wa gamba ni laini, una mstari mweupe tu ambao konokono wa kawaida pia wanao, na kwamba meno hakuna. Akaomba nimshukuru sana mzee. Mama yangu alikuwa akichagua dagaa uani, akaacha. Baba aliniomba nisome tena. Nikasoma.

“Basi macho yangu njo ilinidanganya,” akasema.

Hapo ndipo ningeweza kusema labda ni picha. Sikusema. Nilikuwa nimesifiwa, na sifa ile ilikuwa imenikaa vizuri. “Papa,” nikamwambia, “hii picha nilipiga mara makumi sita. Mashini haina macho ya uzee.” Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa baba yangu, mbele ya mama yangu.

Siku tatu baadaye, mwezi wa kuijaribu programu ukikaribia kwisha, nilizifungua tena zile picha sitini. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kujisifu tena. Niliziunganisha kwa njia ya kwanza bila kulainisha chochote, nikakuza mdomo wa gamba. Meno yalikuwepo. Yamejipanga, kila moja na kivuli chake, na hakuna mchanga duniani unaojipanga vile. Niliacha studio wazi nikakimbia nyumbani.

“Papa iko wapi? Kopo iko wapi?”

“Analala,” Mama akasema. “Asubuhi nilimushika mukono tukaenda ziwani. Ametupa yote. Alisema haifai kuweka uchafu ndani ya nyumba.”

Nilishuka ufukweni. Tangu maji yalipopanda hakuna ufukwe wa kutajika pale, ni kuta za nyumba zilizomezwa, chupa za plastiki na matope. Niliingia hadi kiunoni nikipapasa kitu kidogo kuliko haragwe. Sikupata hata kimoja. Na jiwe lile la upande wa Moba analijua yeye peke yake, na sasa hawezi kuzamia wala kulionyesha, na maji yamelifunika zaidi.

Nilimtumia mtaalamu picha ya pili. Alijibu siku ileile. Hayo ni meno, aliandika, na hajawahi kuyaona kwa konokono wa aina hiyo, lakini picha haitoshi, tafadhali tunza magamba yote. Barua hiyo sijaijibu.

Niliporudi nimelowa, Baba alikuwa ameamka. Akauliza nimetoka wapi. Nikasema wimbi limenipiga. Nilijiambia nitamweleza Jumapili, na Jumapili zimepita nyingi. Nimejitungia sababu zote: kwamba ni mzee, kwamba itamuumiza. Uongo mtupu. Naogopa.

Siku hizi, wageni wakija baada ya misa, anawasimulia mwenyewe. “Miaka yote nilichunga muchanga ndani ya kopo,” anasema, “nikajidai iko konokono mupya! Mimi, muntu wa kuosha chupa!” Wageni wanacheka hadi machozi, naye anacheka nao. Halafu ananitafuta kwa mkono, ananishika bega. “Huyu mutoto njo alinionesha ukweli. Bila yeye ningekufa mujinga.” Wageni wananigeukia na kunipongeza kwa kumsaidia mzee. Nawashukuru, kisha nawaongezea chai.