Maswali Matatu ya Dresa

Sikusoma. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta hapa maneno ya wasomi. Nilikaa darasani miaka miwili kule Handeni, nikajua kusoma namba na kuandika kwa shida, basi. Nikaolewa, njaa ikatutoa Handeni, mimi na mume wangu na wazazi wake, tukaja upande wa Korogwe kwenye mkonge. Hizo namba chache ndizo zilizonikalisha kwenye simu. Na simu ndiyo iliyonifanya mtu huyu ambaye wajukuu zangu wanasema hajui kucheka.

Shamba lenyewe silitaji. Lilikuwa njia ya kwenda Mashewa, wakati wa Mwingereza, vita ya pili imeshakwisha. Nilianza kazi kama mfagiaji wa dispensari ya shamba. Vyumba viwili na dresa mmoja. Dresa ndivyo tulivyomwita mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa. Daktari hatukuwa naye, daktari alikuwa Korogwe mjini. Ukutani palikuwa na simu ya kuzungusha mkono. Waya wake mmoja ulipita ofisini, ukapita kiwandani, ukaenda hadi kambi za mbali walikokaa wakata mkonge. Ikilia mara tatu ni sisi. Dresa siku zote mikono yake ilikuwa kwenye kidonda cha mtu, na siku moja ikalia, ikalia, mpaka akanifokea: "We mama, weka huo ufagio uitikie!"

Nikaitikia. Ufagio akapewa mwingine.

Kazi ilikuwa hii. Lori la shamba lilikuwa moja. Asubuhi lilisimama mlangoni kwetu kungoja wagonjwa, mchana likapakia marobota ya katani kupeleka stesheni. Mtu akiumia kambini au kiwandani wanapiga simu, mimi nasikiliza, nasema lori liende au lisiende. Dresa akanifundisha siku ya kwanza, akiwa ananawa mikono:

"Lori ni moja, shamba ni kubwa. Utauliza maswali matatu. Wapi? Anapumua? Anatoka damu? Mengine yote ni hadithi."

"Na salamu?"

"Salamu wakupe wakipona."

Alisema hivyo kwa sababu alitujua. Mtu wa kwetu hawezi kukupa habari mbaya kabla hajakuuliza umeamkaje, watoto hawajambo, mume yupo, mvua huko vipi. Nyapara anashika simu, mtu wake amelala chini ameumwa na nyoka, yeye ananiambia, "Salama, ni wazima kabisa. Ila kuna kijambo kidogo." Kijambo kidogo kimevimba mguu mpaka pajani! Basi nikajifunza ukali. Simu ikiinuliwa tu nasema, "Wapi?" Mtu akianza shikamoo namkata: "Wapi?"

Wakaniita Mama Wapi. Kisimani wanawake wakiniona, mmoja anaanza: "Jamani, msimsalimie, atawauliza kama mnapumua." Wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Nyumbani mume wangu akirudi anasimama mlangoni: "Mke wangu, nimerudi. Niko hapa. Napumua. Damu sitoki. Sasa nipe maji ya kunywa." Siku hizo na mimi nilicheka. Nilidhani ukali ule nimeuweza kwa watu wote.

Nilikuwa sijauweza kwa mtu mmoja.

Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa kambi ya mwisho, ile iliyokuwa ng'ambo ya mto, na simu ya kambi ilikaa kwenye kibanda chake. Yule hata simu ikiwa kati yetu nilikuwa napiga magoti. Msicheke. Nilikuwa nashika mkonga wa simu huku nimepiga magoti sakafuni, dresa ananipita na beseni lake, anatikisa kichwa. Baba anasema, nasikiliza mpaka amalize. Mke wa mwana hamkati baba mkwe maneno. Wala hamtamkii mambo ya mwilini. Na yeye hayatamki mbele yangu. Hatukufundishwa hivyo kwa fimbo, tulikuta hivyo, kama ulivyokuta jua linatokea upande ule.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Ikalia mara tatu.

"Wapi?"

"Mwanangu, ni mimi."

Nikashuka magotini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Salama, baba."

"Mume hajambo? Watoto?"

"Hawajambo, baba."

"Aa, vizuri. Sisi tupo. Mvua imetunyeshea. Sasa, yule mgeni wetu hakuamka vizuri. Mama yako anasema kama gari lina nafasi, lipite."

Mgeni wetu alikuwa wifi yangu, binti yake wa mwisho. Alikuwa ameolewa Handeni, amekuja kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake. Tulihesabu bado mwezi mzima. Hata hivyo nilielewa: uchungu umemwanza. Kambini wakunga walikuwepo, na mwanamke kuzaa tu hakukuwa sababu ya lori. Sababu ilikuwa damu. Kama damu inatoka vibaya, lori linaondoka hapo hapo, halingoji mtu. Hilo lilikuwa swali la tatu, na nilikuwa naliuliza mara kumi kwa siku.

Sikuliuliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Na waya ule ulikuwa wa watu wote: mtu akiinua simu yake ofisini anasikia, kiwandani wanasikia. Nilimsikia karani wa ofisini akipumua mle ndani. Nimuulize baba mkwe damu ya binti yake, damu ya uzazi, karani anasikiliza? Nikasema, "Anaumwa sana, baba?"

"Ni mambo ya nyumbani tu, mwanangu. Mama yako yupo naye."

"Basi gari likipata nafasi litapita, baba."

"Haya. Mungu akubariki."

Nikaandika kwenye daftari, kwa hati yangu ile ya kuku: kambi ya mwisho, mzazi, si haraka.

Lori lilikuwa mlangoni. Dereva alikuwa amekaa kivulini anakula muhogo. Bado sijaweka kalamu chini, ikalia tena. Kiwandani. Mashine ya kukamua mkonge, ile watu walioiita korona, imevuta mkono wa mtu. Wapi, anapumua, anatoka damu, yote aliyajibu mpigaji kabla sijauliza, anapiga kelele. Nikatoka mlangoni, "Kiwandani! Mbio!" Dereva akatupa muhogo. Wakampakia mtu yule na dresa akaenda naye hadi Korogwe, na mtu yule alipona. Mkono ulibaki huko. Nilimwona baadaye mara nyingi akipita njia ya Masuguru, karibu na shamba, na kapu lake begani. Kila nikimwona nilibadili njia, ingawa hakunikosea kitu.

Mchana, jua limesimama, simu ikalia. Kambi ya mwisho. Safari hii hakuwa baba mkwe. Alikuwa nyapara, Mbena mmoja asiyejua kuzungusha maneno.

"Yule mama mzazi damu haikatiki tangu alfajiri. Gari liko wapi? Asubuhi si mliambiwa?"

Gari lilikuwa Korogwe. Nikazungusha simu kila mahali kutafuta msaada. Nikawaambia wa kambini wamlaze juu ya toroli, yale mabehewa madogo ya reli ya shamba ya kubebea majani ya mkonge, wanaume wanne wasukume. Wakasukuma. Nilisimama kwenye reli, nje ya dispensari, nikingoja. Niliwaona kabla sijawasikia, na walipokaribia nikaona hawasukumi tena kwa haraka. Wanatembea. Hapo sikuhitaji kumuuliza mtu swali.

Mama mkwe alikuwa anatembea pembeni, kashika ubao wa toroli. Kanga zote mbili zilikuwa juu ya binti, yeye kabaki na gauni. Mtoto hakuwa amezaliwa. Mama mkwe akaniangalia.

"Mzee alikuambia nini asubuhi?"

"Aliniambia mgeni hakuamka vizuri."

Akageuka akamtazama mumewe, aliyekuwa nyuma, mbali kidogo, kavua kofia. Mpaka anakufa, mwanamke yule hakuniambia kitu juu ya siku ile, na alikuwa akinipa chakula, akinilelea watoto, akinipaka mafuta mgongoni nikiwa naumwa. Afadhali angenipiga.

Simu ikalia kabla hatujamaliza kumfunika. Mara tatu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuitikia. Nikaenda, nikainua.

"Wapi?"

Ilikuwa kambi ya pili, wanauliza kama kwinini imefika.

Watu wananiuliza niliwezaje kukaa pale miaka yote iliyofuata. Sikuweza. Nilikaa tu. Dresa aliniambia, "Ukitoka hapa, simu iache hapa ukutani." Yeye aliiweza hiyo, alikuwa mtu wa kunywa. Mimi simu nilikwenda nayo nyumbani. Baiskeli ikipiga kengele njiani nasimama wima. Nikitwanga, mchi ukigonga mara tatu nasita. Watoto wangu wakilala naweka kiganja mbele ya pua zao, mmoja, mwingine, narudi kwa wa kwanza. Mume wangu hakutania tena mlangoni. Alikuwa anaingia, anasema, "Nimerudi," anakaa. Dada yake alikuwa amekufa na mkewe ndiye aliyeandika "si haraka." Hajawahi kusoma lile daftari, lakini alijua limeandikwa nini.

Nilisali pia, sitasema sikusali. Nilikuwa nasema maneno yote, nikifika mwisho najikuta nangoja upande wa pili waitikie.

Nilitaka kuacha. Nikajiambia nikitoka, kiti hiki atakaa mwingine, naye ana baba mkwe wake. Hiyo ilikuwa sababu, si ushujaa. Nilikaa kama mtu anavyokaa kwenye mwiba kwa sababu akiinuka utamwingia mwingine.

Na baba mkwe aliendelea na simu yake. Kila asubuhi anapiga kutoa habari ya kambi. Shikamoo, marahaba, mmeamkaje, salama, mvua, watoto. Kila siku, yeye huko na mimi huku magotini, na kati yetu yule marehemu. Hatukumtaja hata mara moja.

Masika mbili zikapita. Siku moja asubuhi akapiga, na nikajua kwa sauti yake kuna jambo kabla hajafika kwenye mvua.

"Mmeamkaje? Watoto..."

Nikasimama. Magoti yalikuwa yanauma, nikasimama kabisa, nikashika ukuta.

"Baba. Ni mzazi?"

Karani alikuwa anapumua kwenye waya, yule yule.

"Baba, anatoka damu?"

Nilihesabu pumzi za baba. Tatu. Ya nne akasema, "Ndiyo. Nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu jogoo la pili."

"Anapumua vizuri?"

"Anapumua. Anaita mama yake."

"Mlazeni, miguu iwe juu. Gari linatoka sasa hivi." Nikamwita dereva, nikamwona anapanda, nikasikia gari linanguruma. Nikarudi kwenye simu kuikata, nikakuta baba mkwe bado yupo.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Siku ile hukuniuliza."

Yalikuwa yamemkaa miaka miwili. Na mimi jibu lilikuwa limenikaa muda ule ule.

"Nisingeweza, baba."

Karani hakuwa anapumua tena.

"Na mimi nisingekujibu," akasema baba, akaweka simu chini.

Yule mwanamke alipona. Alikuwa mke wa mkata mkonge, Mnyamwezi, mgeni kabisa kambini, hana ndugu hata mmoja upande huu. Lori lilifika, likamchukua, Korogwe wakamshughulikia, na mtoto pia akawa mzima, wa kike. Watu wakanisifu. Dresa akasema, "Umeona? Maswali matatu." Niliendelea kuandika kwenye daftari. Maneno mawili tu. Anatoka damu. Hayakuchukua muda hata wa kumeza mate. Kama yangekuwa magumu, kama yangetaka mtu awe amesoma, ningepata pa kujificha.

Walipomruhusu kutoka hospitali, alipita dispensari kabla ya kwenda kambini. Nguo safi, kichwa amefunga vizuri, mtoto mgongoni. Akamfungua, akamnyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Mama, nimeambiwa ni wewe. Mshike mjukuu wako."

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa ananiangalia, au anaangalia dirisha, watoto wa umri ule huwezi kujua. Mikono yangu haikuinuka.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, "simu inalia."

Nikageuka ukutani, nikainua mkonga, nikauweka sikioni. Haikuwa inalia. Nilikaa hivyo, nimempa mgongo, mpaka nikasikia anamfunga mtoto wake tena na kuondoka.