Nyumba Iliyochorwa kwa Maji ya Magadi

Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu na cha Bibi Maabara vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Kwa hiyo haya ninayosema msidhani niliyapata kwa umbeya. Masikio ya Bibi yamechoka, simu yake huiweka sauti ya juu kabisa, na anayempigia yeye huwa ameipigia nyumba nzima.

Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani. Kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana: kuosha vichupa, kupanga dawa, kupiga kelele moto ukiwaka pasipotakiwa. Mumewe alifariki mapema. Kisha binti yao wa pekee naye akafariki, akaacha mtoto mdogo wa kike. Mkwe akamchukua mwanawe, akahamia mji mwingine, akaoa tena. Simlaumu, mwanamume bado kijana. Ila Bibi alibaki na kitanda, meza, redio na viti viwili, na kimoja hakikaliwi na mtu. Nikienda kumjulia hali nilikuwa nakalia ndoo iliyopinduliwa, maana nikikisogelea kile kiti alinitazama kama mwizi.

Siku moja aliniona nikifagia mabaki ya vitambaa.

"Mwenzangu, hivyo vyeupe vya pamba unavitupa?"

"Natupa, nivifanyie nini?"

"Usitupe."

Hapo ndipo kibaraza chetu kilipogeuka darasa la Jumamosi. Bibi alichemsha unga wa manjano, huu huu wa jikoni, akavitumbukiza vitambaa, akavianika kivulini vikatoka njano tupu. Watoto walipokuja alimpa kila mmoja kitambaa, kijiti kilichofungwa pamba nchani, na kikombe cha maji ya magadi. Maji yenyewe ukiyatazama ni meupe kama ya kunywa. Lakini kijiti kilipopita tu juu ya njano, mstari mwekundu ulitokea, na watoto walipiga yowe la kunifanya nijichome sindano. Kisha aliwapa ndimu. Tone moja, wekundu ukapotea na njano ikarudi.

"Uchawi!" akasema mmoja.

"Uchawi uko wapi? Manjano yakikutana na magadi hubadilika. Yakikutana na kitu kichachu hurudi yalivyokuwa. Wewe umeona nini?"

"Mimi nilitaka iwe bluu, Bibi."

"Sikukuuliza ulichotaka. Sema kilichotokea."

Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Na hakukubali watoto wamwage maji ovyo ovyo, alitaka wachore kitu. Kuna mmoja alichora kuku, Bibi akakitazama kile kitambaa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kuku wako ana miguu minne."

"Miwili ya akiba, Bibi."

Siku hiyo alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ikifika saa ya kula, mama zao waliita, na watoto walitimka bila hata kuaga, kama watoto walivyo. Bibi alibaki akisuuza vikombe polepole, kikombe ambacho kimeshatakata anakisuuza tena. Jumamosi moja nilimsikia kupitia ukutani akieleza habari za ndimu, sauti ile ile ya darasani, na watoto walikuwa wameondoka kitambo. Nilisimamisha cherehani. Iliniuma, sifichi.

Basi mkwe akapiga simu. Shule zimefungwa, anapita na mtoto, watakaa kidogo tu. Nyumba nzima tulisikia. Bibi alikuja mlangoni kwangu macho yakimeta.

"Nataka likizo ijayo akae kwangu yote."

"Si umwambie baba yake?"

"Nikimwambia atasema tutaona. Lakini mtoto akilia kwamba anataka kwa Bibi, baba atafanyaje? Nataka aombe mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Nipe kitambaa kizuri. Usinipe vile vya kupangusia mashine."

Nilimkatia kutoka kwenye jora jipya la mteja. Mteja asome hapa kama anajua kusoma.

Walipofika, mtoto alimwamkia "Shikamoo, Bibi" kama anayesoma ubaoni, na Bibi akamvutia kile kiti. Ndipo nikaelewa kilikuwa kinamngoja nani. Baba mtu alisimama mlangoni akichezea funguo. Lakini mtoto aliposhika kijiti, haya zilimtoka. Aliuliza maswali mpaka Bibi akakosa pumzi ya kujibu. Alichora nyumba, na mlangoni watu wawili wameshikana mikono.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Na huyu?"

"Mimi."

Bibi aligeukia ukuta akajifanya anatafuta ndimu. Ndimu zilikuwa mbele yake.

"Nitakuja tena, Bibi," mtoto alisema wakiondoka, kitambaa kimekumbatiwa kifuani.

"Tutaona, Mama," akasema mkwe.

Sasa, hapa mtaani hakuna mtoto asiyejua kwamba kitambaa cha Bibi Maabara hakipelekwi kwenye sabuni. Huwaambia hilo kabla hata ya salamu. Siku ile furaha ilimzidi, akasahau.

Simu ililia, na kilio kikaja nayo. Mama mdogo wa mtoto, yule mke mpya wa mkwe, kwa wema wake aliona kitambaa kina vumbi akakifua kwa sabuni ya mche. Chote kiligeuka chekundu, nyumba na watu wakamezwa humo humo.

"Nisamehe, Mama," mwanamke yule alisema, na yeye karibu alie. "Sikujua."

"Hukukosea, mwanangu. Mimi ndiye sikusema. Mpe mtoto simu." Akajikaza kisabuni. "Haya mama, nyamaza. Kisuuze kwa maji mengi. Kisha kamulia ndimu kwenye bakuli la maji, kichovye. Sema kilichotokea."

Tulisikia maji, tukasikia kamasi zikivutwa.

"Kinarudi, Bibi! Kinarudi njano!" Halafu sauti ikashuka. "Lakini nyumba haipo."

"Nyumba imekwenda na maji. Kisuuze tena, ndimu itoke. Kikikauka mwombe mama mdogo magadi, uichore upya. Ukimaliza nipigie."

Alikaa akingoja, simu ikiwa mapajani. Chakula nilichompelekea kilipoa. Mimi nami niliacha kushona, nisije nikaufunika mlio, na nguo za watu zikalala.

Ilipolia kesho yake, Bibi aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Nimechora, Bibi! Nyumba yako. Mlango, dirisha, na kamba ya vitambaa."

"Na mlangoni je?"

"Wewe."

"Na wewe uko upande gani?"

"Mimi simo."

"Mbona humo, mama?"

"Si niko huku?" Mtoto alishangaa kuulizwa. "Ulisema tuseme kilichotokea. Tusiseme tunachotaka."

Nilingoja Bibi ajibu. Nilingoja mpaka mtoto akaita, "Bibi? Bibi, upo?"

"Nipo," akasema. "Umepatia, mama. Umepatia kabisa."

Wakaagana. Nilisikia simu ikiwekwa mezani. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Mtoto hana kosa, mkwe hana kosa, hata sabuni haina kosa. Nikaacha mkasi, nikazunguka hadi mlangoni kwake, nikaingia bila hodi. Ndoo ilikuwa mahali pake. Niliiruka, nikavuta kile kiti, nikakaa.

Hakuniambia niinuke.