Wimbo wa Mama na Jani la Isale

Nakumbuka asubuhi moja ya kuchuma kahawa, enzi zile mitumba ilipoanza kujaa sokoni Kiboriloni, nilipomnyang'anya mgeni kikapu mbele ya watu. Mwanangu, shule mimi niliishia darasa la nne, lakini mdomo nilikuwa nao wa chuo kikuu.

Mgeni mwenyewe alikuwa binti wa Kijapani, Yumi, aliyekuja kutufundisha cherehani akina mama wa parokia. Jumamosi alikuwa anapanda mlimani mpaka kihambani kwetu, shamba letu la migomba na kahawa, kunisaidia kuchuma. Siku hiyo nikaanzisha wimbo wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa msichana, hakuniachia hata picha. Aliniachia wimbo huo wa Kichagga, wa mtu anayerudi nyumbani akauona mlima. Yumi akasimama, mkono kwenye tawi, kisha naye akauimba. Sauti ileile, kupanda kulekule na kushuka kulekule, ila maneno ya Kijapani!

"Umeuiba wapi?" nikamuuliza.

"Sijaiba, dada. Wimbo wa kwetu. Mama yangu anaimba akipika."

"Kwenu wapi? Mama yako alifika hapa lini? Lete kikapu, kaimbe huko kwenu!"

Akashuka katikati ya migomba analia. Mama mkwe, aliyekuwa anakatia ng'ombe majani, akaweka mundu chini, akanigeukia.

"Mama Filomena, mama yako alizaliwa na huo wimbo?"

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaendelea.

"Alitufundisha sista Mjerumani, misheni, tukifua mashuka. Mimi na mama yako, beseni moja. Sista aliuimba kwa lugha yake, kijana anaaga kijiji chake. Mama yako ndiye aliyeutia Kichagga, akamrudisha kijana nyumbani. Alisema hawezi kufua huku anabeba huzuni za watu, tukacheka mpaka tukamwaga maji. Sasa wewe, mfereji ukipita kihambani kwako, utasema mvua iliyoujaza ni yako?"

Mwanangu, nilikuwa nimeishi na mama mkwe miaka sita, sijawahi kusikia habari hiyo. Mama yangu, msichana, mikono kwenye povu, anacheka! Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikalia kumshinda Yumi.

Mama mkwe hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alikwenda mpakani mwa kihamba akanikatia isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na hata awe na moyo wa jiwe, akiliona husamehe.

"Mpelekee. Wiki ijayo anarudi kwao. Akiondoka na machozi yake, huo wimbo hautakaa tena kinywani mwako."

Nikashuka kwa miguu mpaka mjini, mtaa wa Soweto alikopanga chumba, jani mkononi. Njiani watu wakiliona wananicheka: "Leo kuna mama ameharibu!" Nikawajibu, "Ndiyo, nimeharibu!" Yumi alifungua mlango macho mekundu. Nikamweleza maana ya isale, akalipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaona kisogo chake, halafu akalitia kwenye chupa ya maji kama ua. Nilipomwambia habari za sista, akashika mdomo. Kumbe naye miaka yote alidhani ni wa Kijapani, asijue hata kwao ulifika ukitoka kwa Wajerumani! Tukakaa kitandani tukauimba pamoja, yeye akiimba mwezi na majani yanayoanguka, mimi mlima.

Basi sikia, mwanangu. Ulichoachiwa na mama yako kipende, lakini usikizungushie ua kabla hujauliza kilipita mikononi mwa nani. Ukimsikia mgeni anaimba wimbo wa kwenu, mpe kigoda, muulize aliupata kwa nani. Na ukikosa, beba isale lako mchana kweupe, wacheke wanaocheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona. Bila Yumi, na bila ulimi mkali wa mama mkwe, ningekufa bila kumjua mama yangu akicheka. Nawashukuru wote wawili kila ninapochuma kahawa.

Mungu akupe kinywa chenye wimbo, na miguu isiyoona haya kushuka kuomba radhi. Mfereji wako usikauke.