Mstari wa Umri

Pale hospitalini walimwita Mama Hesabu, ingawa hakuwa na mtoto, na hesabu zenyewe zilifanywa na kompyuta. Alikuwa mtakwimu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya magodoro, na madaktari walimkumbuka pale tu tarakimu zilipowagomea.

Mwaka ule hospitali ilikuwa ikijaribu marhamu mpya ya vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari. Kompyuta iliwapigia kura: nusu wapate mpya, nusu ile ya zamani, vikopo vikiwa sawa kwa rangi na harufu, asijue mgonjwa wala muuguzi. Wote waliahidiwa kwamba mpya ikishinda, waliokosa ndio watakaoanza kupewa.

Miongoni mwao alikuwemo shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Alikuwa kinyozi, mtu wa kusimama kutwa, mkasi haupumziki na mdomo pia. Akija kubadilishiwa bendeji alimpitia Mama Hesabu, akamwomba aibembeleze ile kompyuta. Naye alimjibu kwamba kura haina shemeji.

Jaribio lilipokwisha, siri ikafunguliwa. Marhamu mpya ilikuwa imefunga vidonda vingi zaidi. Kinyozi alikuwa upande wa ile ya zamani. Hakununa, alisema sasa zamu yake imefika.

Ikabaki ripoti. Daktari mkuu alitaka jedwali la kwanza, lile linaloonyesha wagonjwa walikuwaje kabla ya dawa, liwe na kipimo cha takwimu kwenye kila mstari: umri, uzito, sukari, ukubwa wa kidonda. Mama Hesabu alimsihi asiweke. Alimweleza kwamba kipimo kile huuliza kama tofauti imeletwa na bahati tu, na hapa jibu wanalo tayari, kwani aliyegawa si mtu, ni kura. Ukipima mistari mingi, hukosi mmoja wa kukutia aibu bure. Daktari mkuu hakubisha. Alisema kila mtu huweka, na kamati ya kuidhinisha dawa itauliza.

Mama Hesabu akaweka. Mstari wa umri ukawatia aibu: waliopata marhamu mpya walikuwa vijana zaidi kidogo.

Kikaoni, mwenyekiti wa kamati, daktari mstaafu mwenye sauti ya upole, aliweka kidole juu ya mstari huo.

"Hapa mmependelea vijana," alisema.

"Hakuna aliyependelea, mzee," Mama Hesabu alijibu. "Kura ndiyo iliyoangukia hivyo. Na umri tulipanga tangu mwanzo kuuingiza kwenye hesabu, tumeuingiza, na marhamu bado inashinda."

"Binti yangu, kipimo chako mwenyewe ndicho kinachosema makundi hayakuwa sawa."

Alijaribu tena, polepole, akasikia sauti yake imekuwa ya mtu anayejitetea. Alimtazama daktari mkuu. Daktari mkuu alikuwa akipanga kalamu zake. Kamati ikaamua matokeo hayaaminiki, marhamu ikae stoo mpaka jaribio lingine.

Mama Hesabu alimwendea mfamasia kumwombea shemeji yake kopo moja tu. Mfamasia alimhurumia kweli, lakini bila idhini mkono wake ulikuwa mfupi. Kidonda kikaingia mfupani. Kabla ya kamati kukaa tena, kinyozi alikuwa amekatwa mguu.

Dada yake alimkuta Mama Hesabu kwenye benchi nje ya wodi.

"Niambie ukweli, mdogo wangu. Ile dawa ingemponya?"

"Sijui, dada. Najua ingewaponya wengi zaidi. Yeye peke yake, sijui."

"Kwa hiyo unachojua wewe ni nini?"



Kinyozi amerudi kazini. Ananyoa akiwa amekalia kiti kirefu, wateja wanainama, na mazungumzo yamepungua. Jumamosi Mama Hesabu huenda kufagia nywele, kwa sababu hajui afanye nini kingine.