Uso Uliobonyea Kwenye Dinari

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya sarafu za kale kule Irving, ughaibuni, mkuu wa picha aliniwekea dinari ya Kirumi kwenye kitambaa cheusi, akanionya: "Shika ukingo tu. Uso hauguswi." Dinari ni sarafu ya fedha, ndogo kama kifungo cha koti. Nilifundishwa kuimulika kutoka juu na kusoma maandishi yanayouzunguka uso. Watawala wale walipenda vyeo kushinda machifu wa kwetu! Palipoandikwa DIVA, yaani aliyefanywa mungu, nilijua malkia alikwisha kufa sarafu yake ilipopigwa.

Nilipohamishiwa Houston, mama yangu alifariki Nyeri. Karatasi zangu za uhamiaji hazikuniruhusu kusafiri, wakamzika bila mimi. Ndugu yangu Muriithi hakuchoka kupiga simu. "Kaka, fundi wa jiwe anangoja. Wewe ndio firstborn. Tuandike nini kwa kaburi?" Nilimpiga chenga kila mara. Moyoni mwangu mama alikuwa bado jikoni kwake, na kaburi likakaa bila jina.

Ndipo ikaletwa dinari ya malkia marehemu, yenye kasoro. Fundi wa kale alisahau kuitoa kwenye muhuri wa kupigia sarafu iliyotangulia, nayo ikaugandamiza uso wake kwenye iliyofuata. Upande mmoja malkia ametokeza. Upande wa pili amebonyea, jina likisomeka kinyume.

Niliinama kupiga picha. Ule uso uliobonyea ukatokeza. Nikasogea kushoto, ukanigeukia. Nikasogea kulia, ukanifuata, taratibu.

"Mama?" nikanong'ona.

"Unaongea na nani?" Bi Achieng, mkuu wangu wa Houston, alikuwa mlangoni. Nilimwonyesha. "Aii, Kamau, ni macho yana-play na wewe. Hiyo ni shimo tu. Gusa."

"Uso hauguswi."

"Boss ni mimi. Gusa."

Nikanyoosha kidole kidogo. Nilitarajia shavu. Kidole kilikuta bonde, baridi, tupu.

Nililia pale pale, mzee mzima. Kisha nikampigia Muriithi. "Andikeni jina lake," nikasema, "na mwaka aliokufa." Neno hilo, kufa, sikuwa nimelitamka juu yake hata siku moja.

Sasa nimestaafu, na jiwe la kaburi lake nimelifikia. Vijana wa kazi hii huniuliza kama sarafu ile ilikuwa na shetani. Huwa nawacheka. Lakini uliponigeukia uso ule, nilifurahi, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.