Utani Niliouzika Kwenye Karatasi

Kuomba fedha za utafiti ni kazi ya ajabu. Unamwomba mtu usiyemjua akupe pesa ukatafute jambo fulani, lakini kwanza umthibitishie kwamba unalijua. Mwalimu wangu wa chuo, Mwingereza mpole mvuta kiko, hakuliweka hivyo. Alisema tu kwamba andiko langu la kwanza lilikuwa zuri ila halikuwa na haraka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza huko Uganda, na fedha hizo zingenipeleka kwenye ya pili. Nisipozipata, ningerudi kufundisha watoto hesabu kama wenzangu wote, na sikuitaka kazi hiyo hata kidogo. Nilikuwa nimechagua kuandika juu ya utani, hasa huu wetu sisi Wazaramo na Wanyamwezi: jinsi watani wanavyotukanana bila kukasirikiana, na wanavyokuja kwenye msiba wa mwenzao kufanya vituko hadi wafiwa wacheke na machozi yao usoni. Mwalimu alinirudishia karatasi zangu na neno moja la ushauri, kwamba kamati ya London hutoa fedha kwa kile kinachotoweka. Akaniuliza kama mila hii ilikuwa inatoweka.

Sikujua. Nikachukua likizo yangu, nikarudi Temeke kwenda kuuliza.

Nyumbani nilimkuta baba anaumwa kifua. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, na hata siku zile alikuwa bado anakaa barazani na cherehani yake, pini zimebanwa midomoni, akizungumza nazo hivyo hivyo. Sisi wanawe tulizoea kusikia maneno yake yakipita katikati ya pini, na mgeni alihitaji muda kidogo kumwelewa.

Mtani wake mkubwa alikuwa jirani yetu, Mnyamwezi wa Tabora, karani wa bandarini. Alikuwa Mkristo, mtu wa tai na kofia, akitoka asubuhi kwa baiskeli kwenda zake Kurasini viatu vikimetameta. Niliona huyo ndiye hasa wa kuulizwa, maana amesoma na mji anaujua. Basi nikavaa suruali yangu nzuri, nikachukua kalamu, nikamwendea na kumpa shikamoo ya heshima zote. Pale kwetu hakuna aliyewahi kumsalimu yule bwana bila kuongeza neno la uchokozi. Akanitazama kidogo, akanivutia kiti.

Nilimwuliza kama Wanyamwezi wa mjini bado wanafuata utani. Alivua kofia, akaiweka magotini, akahuzunika. Aliniambia kwamba mambo hayo yamekwisha. Vijana wanaona haya, makanisa na misikiti imekataza, na yeye mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho alipomtania mtu. Alisema ni jambo la kusikitisha sana, akashusha pumzi. Niliandika kila neno kwa furaha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliona nimeinama vya kutosha.

Jioni nikamsomea baba, nikimfasiria Kiingereza changu sentensi kwa sentensi. Nilipofika pale nilipoandika kwamba utani wa vitongojini mwa Dar es Salaam umekufa na unahitaji kurekodiwa kabla wazee hawajamalizika, alinisimamisha. Akaniuliza nani kanipa habari hizo. Nikamtajia. Baba akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika na mama akatoka ndani kuja kumsugua mgongo.

"Basi andika hivyo hivyo alivyokwambia," alisema alipopata pumzi. "Usiongeze neno."

Nilidhani ni maneno ya mgonjwa. Nikapiga chapa andiko lote, nikalitia kwenye bahasha, nikabakiwa na kulipeleka posta tu. Kabla sijalipeleka, baba alifariki.

Nitasema ukweli: siku ile sikukumbuka utafiti wowote. Nilikuwa mtoto aliyefiwa. Tulimwosha, tukamsalia, tukabeba jeneza kuelekea makaburini, na nilikuwa nimeshika upande wa mbele, macho makavu, nikiona njia kwa shida. Tulipokaribia, msafara ukasimama. Watu walikuwa wanachungulia kaburini. Kaburi lilikuwa na mtu ndani.

Alikuwa yule karani. Tai haikuwapo, kofia haikuwapo. Alikuwa amevaa gunia lililotobolewa kichwa na mikono, amelala chali mle chini, mikono kifuani. Juu ya kingo walisimama Wanyamwezi wenzake, masinia yakigongwa, wakitangaza kwamba nyumba hii ina mpangaji tayari na Mzaramo arudi kwake akale mihogo. Mwalimu wa dini aligeuka upande, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Wazee wakaanza kubembelezana na watani, na watani wakakataa.

Kisha karani akaketi mle kaburini. Alichukua vijiti vya majani makavu, akavipanga midomoni, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuanza maneno, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mwanangu," alisema, maneno yakipita katikati ya vijiti, "na mie umeshaniandika kuwa nimekwisha?"

Ilikuwa sauti ya baba. Si kwamba ilifanana nayo. Ilikuwa yenyewe, na kichwa kimeinamishwa vile vile kama anatafuta tundu la sindano. Watu wote pale makaburini waliangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, nikacheka huku nalia, hadi mjomba akaja kunipokea jeneza begani. Tangu alfajiri nilikuwa sijalia hata chozi. Ndipo tukampa karani jogoo, ada yake ya utani, akatoka, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kushika mwili wa baba kuushusha.

Matanga yalipokwisha alikuja na tai yake, akakaa barazani. Nikamwuliza kwa nini alinidanganya. Nilikuwa na hasira kidogo, na niliona nina haki. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia.

"Umenijia na kalamu na shikamoo ndefu," alijibu. "Umeniuliza kama Mzungu, nikakujibu kama mtani. Ulitaka nikujibu kama nani?"

Bahasha ilikuwa bado juu ya kabati. Andiko lilikuwa safi, lina haraka, na hakuna mtu London ambaye angekuja Temeke kuhakiki. Nilizunguka nalo ndani ya nyumba kwa siku kadhaa. Ningeweza kulipeleka, na mpaka leo naamini lingepata fedha. Lakini kila nilipolisoma niliona kwamba swali nililokuwa nimeuliza lilikuwa dogo. Mnyamwezi anashuka kwenye treni hapa mjini hana shangazi wala mjomba. Nani atamwosha akifa, nani atamlilia? Anamkuta Mzaramo ambaye hajawahi kumwona, wanatukanana, na hapo hapo amepata watu wa kumzika. Hilo ndilo nililotaka kujua, na halikuwa linakufa. Nilianza upya, nikaandika kwamba mila hii ni nzima na ina nguvu, na kwamba ndiyo maana inafaa kuchunguzwa.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, barua fupi yenye adabu. Kamati ilifurahishwa na andiko langu, lakini kulikuwa na maombi mengine yenye haraka zaidi. Niliumia. Nilikaa barazani penye cherehani ya baba na kuisoma tena na tena, nikiona darasa la hesabu linanisubiri na chaki zake, nikijilaumu kwa ukweli ambao hakuna aliyeniomba.

Karani akapita na baiskeli, akaniona nilivyo, akashuka. Nikampa habari. Hakunipa pole.

"Mzaramo kaomba pesa za kufanyia kazi," alisema. "Lazima wameshtuka. Ungeomba za ngoma wangekupa siku ile ile."

Sikufikiri. Jibu lilinitoka lenyewe, kabla sijajua kwamba nina jibu.

"Wangezitoa tungewatuma nyie mkazibebe kichwani," nikamwambia. "Si ndio upagazi uliowaleta Pwani?"

Alisimama pale ameshika baiskeli, uso ukamchanua. Na ndani, nyuma ya pazia, alikokuwa amekaa eda, nikamsikia mama anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike baba.